Chakula Kikavu cha Mbwa Mkubwa: Ubora Uko Wapi?

Anayefuga mbwa mkubwa mjini, awe Nairobi, Arusha au Kampala, hufika siku akasimama mbele ya rafu ya duka la dawa za mifugo akiwa na viroba vitatu vya kuchagua. Kimoja kimetoka katika kiwanda kilekile kinachosaga chakula cha kuku wa mayai, na bei yake inavumilika. Cha pili kimetoka Afrika Kusini. Cha tatu kimesafiri kutoka Ulaya, bei yake ni ya kushika kichwa, na juu yake kuna picha ya German Shepherd mwenye manyoya yanayometa. Muuzaji akiulizwa kipi bora, aghalabu ataonyesha hicho cha tatu, kisha atasoma namba ya protini kwa sauti. Hapo ndipo mazungumzo yanapokwenda kombo. Kwa mbwa mkubwa, protini si namba ya kwanza kutazamwa, na bei ya kilo haisemi mengi.

Mbwa mkubwa, hasa anapokua, huumizwa na kinachozidi kuliko wengi wetu tunavyodhani, na biashara ya chakula chake imejengwa juu ya kuzidisha: protini zaidi, madini zaidi, nyama zaidi, picha kubwa zaidi. Chakula bora kwake ni kilichopimwa. Kalsiamu isizidi, nguvu, yaani kalori, isifurike, nafaka isiwe na kuvu, na mtengenezaji awe mtu anayeweza kuulizwa akajibu. Mengine yaliyochapwa kwenye mfuko ni mapambo, ingawa yapo mapambo yenye maana, nitayataja.

Mkubwa ni yupi, kwanza? Kwa AAFCO, chama cha maofisa wa Marekani wanaodhibiti vyakula vya mifugo, ni yule anayetarajiwa kufikia ratili 70, yaani kilo 32 hivi, akishakomaa. Dume la German Shepherd limo humo, Rottweiler amo, na Boerboel wa Afrika Kusini, anayependwa sana siku hizi na wenye mageti marefu, amepita mbali. Mbwa wetu wa kienyeji kwa kawaida hafikii kiwango hicho, na mengi yatakayosemwa hapa hayamhusu.

Mifupa kwanza

Mtoto wa Great Dane huzaliwa na uzito usiofika kilo moja, na kabla hajatimiza miaka miwili huwa ameuzidisha karibu mara mia. Kasi hiyo ndiyo mama wa taabu zake. Mfupa unaorefuka haraka huwa bado na gegedu nyingi iliyo laini. Ukibebeshwa mwili mzito kabla ya wakati, gegedu hupasuka, kiwiko hujiunda vibaya, nyonga hulegea. Urithi una sehemu kubwa katika hili, na hakuna kiroba kitakachofuta kasoro aliyozaliwa nayo. Ila chakula kinaweza kuifanya kasoro ndogo ibaki ndogo, au kuigeuza kilema.

Mwaka 1974 Åke Hedhammar na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell walichapisha jaribio lililofanywa kwa watoto wa Great Dane. Kundi moja liliachwa lile lipendavyo. Kundi la pili lilipewa theluthi mbili tu ya kiasi hicho. Walioshiba bila kizuizi ndio walioharibika mifupa na viungo. Kasoro ya jaribio lile ni kwamba chakula kilikuwa kinono kwa kila kitu, hivyo mkosaji hakujulikana ni nani. Protini ikabeba lawama kwa miaka mingi, na hadi leo utasikia mfugaji akionya kwamba protini nyingi huvunja miguu ya mbwa mchanga.

Waliomtafuta mkosaji kwa makini ni watafiti wa Utrecht, Uholanzi, wakiongozwa na Herman Hazewinkel. Mwaka 1985 walionyesha kwamba kalsiamu iliyozidi, peke yake, inatosha kuharibu mifupa ya Great Dane anayekua. Mwaka 1991 Richard Nap na wenzake wa chuo hichohicho wakajaribu protini kwa viwango vitatu tofauti, na cha juu kabisa hakikuleta ugonjwa wowote wa mifupa. Protini ikatoka mahakamani ikiwa huru. Waliobaki kizimbani ni kalsiamu na wingi wa nguvu.

Sababu iko tumboni. Mbwa mzima akipewa kalsiamu nyingi, utumbo wake hupunguza kuifyonza, na inayobaki hutoka na kinyesi. Mtoto wa mbwa, hadi anapokaribia miezi sita, hana breki hiyo madhubuti; sehemu kubwa ya kalsiamu anayopewa huingia mwilini, iwe inahitajika au haihitajiki. Ndiyo maana AAFCO, kuanzia mwaka 2016, imeweka maneno maalumu kwa ajili ya watoto wa jamii kubwa: kalsiamu iwe kati ya asilimia 1.2 na 1.8 ya chakula kisichohesabiwa maji, ilhali watoto wa jamii ndogo wanaruhusiwa hadi 2.5. Pia kalsiamu isipungue fosforasi wala isiizidi zaidi ya mara mbili. Mfuko unaofuata utaratibu huo huandika wazi kwamba unafaa kwa ukuaji, pamoja na ukuaji wa mbwa wakubwa. Wakiandika kwamba ukuaji wa mbwa wakubwa umeondolewa, mwenye mtoto wa Boerboel aurudishe mfuko rafuni hata kama umepunguzwa bei.

Sasa tazama desturi yetu. Mtu ananunua mtoto wa Rottweiler kwa fedha nyingi, anamnunulia chakula kizuri cha watoto, halafu kwa mapenzi anaongeza maziwa, vidonge vya kalsiamu alivyouziwa dukani, na kijiko cha unga wa mifupa au chokaa ya kuku ili awe na miguu minene. Kila kimoja kati ya hivyo kinavuruga hesabu iliyokwisha kufanywa kiwandani. Miguu huwa minene kweli kwa muda, kwa sababu ncha za mifupa zimevimba. Mwenyewe hufurahi. Kalsiamu ikizidi huzuia pia zinki isifyonzwe, na mtoto huanza kupata magamba puani, kuzunguka macho na kwenye viwiko, akatibiwa upele miezi kadhaa bila nafuu.

Upande wa pili wa desturi ni sufuria ya ugali na mapafu. Mahindi yana kalsiamu kidogo mno, na nyama isiyo na mifupa ina fosforasi nyingi inayoipita kalsiamu mara kumi na zaidi. Mtoto wa mbwa mkubwa akilelewa kwa vitu hivyo viwili tu, mwili wake huikopa kalsiamu kutoka mifupani, na miguu hupinda au kuvunjika kwa kuruka ngazi moja. Kwa hiyo simkejeli anayekimbilia vidonge. Ameona miguu iliyopinda na anaogopa. Tatizo ni kwamba dawa ya sufuria inatiwa kwenye chakula cha kiroba ambacho hakikuwa kinaumwa. Ukichagua kiroba kilichokamilika, kichague, uache kuongeza.

Chakula cha watoto wa jamii kubwa kinafaa kiendelee hadi miezi 12 au 18. Kwa majitu kama Great Dane, hata miaka miwili. Akishakomaa, suala la kalsiamu hutulia na wasiwasi mwingine huingia.

Wembamba unaoongeza umri

Jaribio linalostahili kujulikana na kila mfugaji lilifanywa na kampuni ya Purina kwa mbwa 48 wa jamii ya Labrador, waliounganishwa wawili wawili kutoka uzao mmoja. Katika kila jozi mmoja alipewa robo pungufu ya chakula cha mwenzake, tangu utotoni hadi kufa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2002: waliokula kidogo waliishi miaka 13 kwa wastani wa kati, wenzao miaka 11.2. Waliokula kidogo walichelewa pia kupata ugonjwa wa viungo na wakauhisi kwa uchache. Chakula kilikuwa kilekile kwa wote. Hakuna kiambato chochote, cha samaki wala cha mitishamba, ambacho kimewahi kuonyesha faida ya karibu miaka miwili kwa mbwa wa jamii hiyo.

Jambo hili halipendezi kwa muuzaji wala kwa mnunuzi, kwa sababu mbwa mwembamba hapa kwetu husomwa kama aibu ya mwenye nyumba. Mbwa wa ulinzi anatakiwa awe na shingo ya fahali. Lakini kipimo cha afya ni kiganja: pitisha mkono ubavuni, mbavu zihisike bila kubonyeza, na ukimtazama kutoka juu kiuno kionekane. Mbavu zikitafutwa kama noti iliyopotea mfukoni, punguza.

Ni kiasi gani, basi? Madaktari wa mifugo huanza na kanuni inayozidisha 70 kwa uzito wa kilo uliopandishwa kwa kipeo cha 0.75, kisha huzidisha tena kwa 1.6 hivi kwa mbwa mzima aliyehasiwa mwenye shughuli za kawaida. Kwa mbwa wa kilo 40 inakuja kilokalori 1,780 kwa siku. Mbwa wa kilo 10 kwa kanuni hiyohiyo anahitaji 630. Uzito umezidi mara nne, mahitaji hayajafika mara tatu; wanaopima kwa kuzidisha tu ndio wanaonenepesha majitu. Na mbwa anayelala kutwa bandani akisubiri usiku anahitaji chini ya hapo.

Tena kiasi hicho kisimwagwe mara moja. Mbwa wenye vifua virefu, Great Dane akiwa mbele yao, hupatwa na tumbo kujaa gesi na kujipinda, jambo linaloua kwa saa chache asipofika kwenye upasuaji. Tafiti za Lawrence Glickman katika Chuo Kikuu cha Purdue zilihusisha hatari hiyo na kula mlo mmoja mkubwa kwa siku, kula kwa pupa, na hata bakuli lililoinuliwa kwenye stendi, ambalo wengi hulinunua wakidhani linasaidia. Nyumba nyingi hapa humlisha mlinzi mara moja, jioni, muda mfupi kabla ya kumfungulia azunguke ua. Ni heri milo miwili, na apumzike kabla ya kazi.

Kusoma mfuko

Orodha ya viambato hupangwa kwa uzito kabla ya kupikwa, na hapo ndipo ujanja halali unapokaa. Nyama mbichi ya kuku ni maji kwa karibu theluthi mbili hadi robo tatu, hivyo hupata nafasi ya kwanza kwa uzito wa maji ambayo hayatakuwamo kwenye punje. Unga wa kuku uliokaushwa, ukiwa wa pili au wa tatu, unaweza kuwa umetoa protini nyingi kuliko hiyo nyama iliyopewa kiti cha mbele. Halafu mahindi hugawanywa: mahindi, pumba za mahindi, protini ya mahindi. Kila kipande kinashuka chini kwenye orodha, ilhali vikijumlishwa vingekaa juu. Kwa kanuni za Marekani, mfuko ukijiita "wenye nyama ya ng'ombe" unatakiwa uwe na asilimia 3 tu ya nyama hiyo. Ukisema "ladha ya nyama ya ng'ombe", hauna kiwango cha chini kabisa, mradi ladha ihisike.

Kwa hiyo sitilii mkazo sana orodha. Jedwali la uchambuzi lina faida zaidi, kwa mwenye kalamu. Chukua mia, ondoa protini, mafuta, nyuzinyuzi, majivu na unyevu. Kinachobaki ni wanga, ambao viwanda vingi havipendi kuuandika. Kiroba chenye protini 18, mafuta 6, nyuzinyuzi 6, majivu 10 na unyevu 10 kina wanga nusu nzima. Chenye 28, 18, 3, 7 na 10 kina wanga 34. Zidisha protini na wanga kwa 3.5, mafuta kwa 8.5, utapata makadirio ya nguvu: kilokalori 289 kwa gramu mia kwa kiroba cha kwanza, 370 kwa cha pili.

Majivu yanahitaji neno la ziada. Ni madini yanayobaki chakula kikichomwa, na kwa chakula cha mbwa yakipita asilimia 10 ninashuka moyo. Huenda protini imetoka kwenye mifupa iliyosagwa zaidi kuliko nyama, na kalsiamu imepanda nayo. Huku kwetu kuna sababu nyingine. Wafugaji wa kuku wanaijua vizuri: dagaa, ambao Kenya ni omena, wakikaushwa juu ya mchanga hufika kiwandani na mchanga wao, na wako wanaouongeza makusudi ili uzito upande. Mchanga ni majivu pia. Kiwanda kinachowapima dagaa wake kitaweza kukuambia. Kisichowapima kitakuambia kwamba chakula chake ni bora.

Yale maneno ya glukosamini kwa ajili ya viungo tuyapite haraka: kiasi kinachotiwa kwenye punje mara nyingi ni kidogo kuliko kinachotumika kama dawa. Mafuta ya samaki yana ushahidi mzuri zaidi kwa mbwa mwenye maumivu ya viungo, na dagaa wachache wasio na chumvi juu ya chakula ni nyongeza ya maana, ilimradi nyongeza zote pamoja zisizidi sehemu moja ya kumi ya mlo.

Ugomvi na nafaka, na kuvu

Kwa miaka kama kumi na mitano hivi mifuko "isiyo na nafaka" imeuzwa kwa bei ya juu kwa hoja kwamba mbwa ni mbwamwitu. Si kweli. Amekaa na binadamu maelfu ya miaka, na ana uwezo wa kumeng'enya wanga uliopikwa. Julai 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitangaza kwamba inachunguza taarifa za mbwa waliopata ugonjwa wa moyo kutanuka wakiwa wanakula vyakula vya aina hiyo, ambavyo badala ya nafaka vina njegere na dengu kwa wingi. Kufikia mwisho wa Aprili 2019 taarifa za mbwa zilikuwa 515, nyingi za mbwa wakubwa kama Golden Retriever. Desemba 2022 FDA ilisema data iliyonayo haitoshi kuthibitisha chanzo, na ikaacha kutoa matangazo ya mara kwa mara. Kesi haijaamuliwa. Ila kwa mwenye mbwa mkubwa asiye na mzio wa nafaka uliothibitishwa na daktari, sioni sababu ya kulipa zaidi ili aingie kwenye mashaka hayo.

Hofu ya mahindi ina mahali pake, lakini mahali hapo ni ghalani. Mwaka 2004, Makueni, Kitui na wilaya jirani za Kenya, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi yenye sumukuvu, sumu inayoachwa na kuvu kwenye nafaka. Mwaka 2016 msiba wa aina hiyo ulifika Dodoma na Manyara. Mahindi yanayokataliwa na mlaji hayatupwi yote. Njia ya kwanza yanayoifuata ni chakula cha mifugo, na mbwa ni kati ya wanyama wanaoathirika hata kwa kiasi kidogo sana cha sumu hiyo. Ng'ombe hula majani pia, kuku huishi wiki sita akachinjwa. Mbwa anayekula kiroba kimoja kila siku kwa miaka hana siku ya kupumzika ini.

Wala jambo hili si la viwanda vidogo peke yake. Mwishoni mwa 2005 chakula cha kampuni ya Diamond, Marekani, kiliua mbwa zaidi ya mia kwa sumukuvu. Desemba 2020 kampuni ya Midwestern Pet Foods ilianza kurudisha chakula cha chapa ya Sportmix. Kufikia Januari 21, 2021, FDA ilikuwa imehesabu vifo zaidi ya 110 na wagonjwa zaidi ya 210. Kiwango cha juu ambacho FDA huvumilia katika chakula cha mbwa ni sehemu 20 kwa bilioni. Viwango vya Afrika Mashariki kwa mahindi ya kuliwa na watu ni sehemu 10. Moto wa jikoni hauiondoi sumu hiyo, na joto la mashine ya kutengeneza punje haliimalizi. Dawa ni kupima mahindi yanapoingia kiwandani, kila lori.

Kwa hiyo, mbele ya kiroba cha kiwanda cha hapa, swali langu la kwanza ni kuhusu vipimo vya sumukuvu kuliko nyama. Nembo ya shirika la viwango, KEBS kwa Kenya au TBS kwa Tanzania, ni mwanzo mzuri na isipokuwapo sinunui, lakini ninapiga simu pia. Mbwa akikataa ghafla chakula alichokuwa akikipenda, usimwadhibu kwa njaa ukisema anaringa. Mwondolee. Akitapika, akazubaa, ufizi au weupe wa macho ukageuka manjano, mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo na mfuko wenyewe ubebwe.

Hapa pia ndipo ninapogombana na desturi ya kupimiwa kwa kilo kutoka kiroba kilichofunguliwa. Naelewa kwa nini inashamiri; kiroba cha kilo 20 ni fedha nyingi kwa mkupuo mmoja. Lakini punje hunyunyiziwa mafuta kwa nje baada ya kukaushwa, na mafuta hayo huanza kuchacha mara hewa inapoingia. Katika duka la Mombasa au Dar es Salaam, kwenye mvuke wa pwani, unyevu nao huamsha kuvu. Hujui kilifunguliwa lini, hujui namba ya toleo, na chakula kikirudishwa kiwandani hutajua kwamba ndicho ulicholisha. Mwenye mbwa mmoja wa kilo 40 anayekula nusu kilo kwa siku atakimaliza kiroba cha kilo 20 kwa siku 40, ndani ya wiki sita zinazoshauriwa baada ya kufungua. Wenye mbwa wadogo wachange. Nyumbani kiroba kikae ndani ya pipa lenye mfuniko bila kumiminwa, juu ya mbao, mbali na jua. Punje zikimiminwa moja kwa moja, masalia ya mafuta ya zamani huharibu mapya.

Bei ya siku

Turudi kwenye viroba viwili vya hesabu yetu, kwa bei za mfano. Cha nguvu kidogo kiwe shilingi 250 za Kenya kwa kilo, cha nguvu nyingi 350. Kwa jicho la dukani cha pili ni ghali kwa asilimia 40. Mbwa wa kilo 40 atahitaji gramu 616 za cha kwanza na gramu 481 za cha pili. Gharama ya siku ni shilingi 154 na 168. Tofauti imeshuka hadi asilimia 9, na anayeokota kinyesi uani atakiona kimepungua, kwa kuwa chenye nyuzinyuzi na majivu kidogo humeng'enywa zaidi. Hesabu hii haikipi ushindi kiroba cha Ulaya kila mara. Kuna chakula cha bei ya juu ambacho tofauti yake yote imeishia kwenye meli, ushuru na picha. Lakini inaonyesha kwamba anayenunua cha rahisi kabisa mara nyingi hajaokoa anachodhani, hasa akimpa mbwa kiasi kilekile kwa kopo lilelile.

Kopo ndilo tatizo la mwisho, na si dogo. Anayelisha mbwa katika nyumba nyingi za mjini ni askari wa geti au msaidizi wa nyumbani, na kipimo chake ni kopo la kuteka unga, gorogoro iliyokatwa, au mkono. Punje za aina moja hujaa kopo kwa uzito tofauti na za aina nyingine. Pima mara moja kwa mizani ya jikoni, piga mstari kwa kalamu ya wino mzito kwenye kopo, umweleze anayelisha kwamba huo ndio ukomo. Mwambie kwa heshima na sababu yake, maana yeye ndiye anayemwona mbwa kila siku na ndiye atakayegundua kwanza kwamba hali.

Kuna wasioweza kiroba kwa mwezi mzima. Nusu kiroba na nusu sufuria inawezekana kwa mbwa mzima bila hatari kubwa, kama sufuria ina nyama na dagaa na si ugali mtupu. Kwa mtoto wa jamii kubwa sishauri. Miezi yake 12 ya kwanza ndiyo ya kujibana, hata kama baadaye atarudi kwenye mchanganyiko.

Chama cha madaktari wa wanyama wadogo duniani, WSAVA, kina maswali kinayoshauri aulizwe mtengenezaji: nani aliyetunga chakula na ana elimu gani, kinatengenezwa katika kiwanda chake au cha kukodi, vipimo gani hufanywa kwa malighafi na bidhaa, kilo moja ina kilokalori ngapi. Kwetu ningeongeza mawili, kalsiamu ni asilimia ngapi na sumukuvu hupimwa mara ngapi. AAFCO yenyewe haipimi wala kuidhinisha chakula cha mtu; inaandika vigezo, na mtengenezaji ndiye anayedai kuvitimiza, ama kwa hesabu ya kimaabara ama kwa kuwalisha mbwa. Hata jaribio la kuwalisha mbwa wazima linadai wanyama 8 tu kwa wiki 26. Ndiyo maana majibu ya simu yana uzito. Nimepata kiwanda cha hapa ambacho msimamizi wa ubora alinisomea kalsiamu na fosforasi kutoka daftarini bila kusita, na mwakilishi wa chapa ya kigeni aliyeniahidi barua pepe ambayo haijafika. Ninalisha cha yule wa daftari.

Ukishachagua, badilisha taratibu kwa siku 7 hadi 10: robo mpya na robo tatu ya zamani, kisha nusu kwa nusu, kisha robo tatu. Mpime uzito siku ya kwanza na tena baada ya wiki nne, kwa mizani ya kupimia magunia kama hana adabu ya kusimama kwenye ya bafuni. Akipanda bila kukusudiwa, punguza sehemu moja ya kumi ya kopo. Akishuka ilhali mbavu zinahisika sawasawa, mwache alivyo.